Viwanja sita mahali pa vitano: uzoefu wangu na mpangaji wa klabu ya padeli

Nilikuwa nimekusudia kuandika maneno ya wastani, kwa sababu kazi ya mtu huyu haikuwa mbaya yote, na mwenzangu katika biashara hii alinisihi nisiandike nikiwa na hasira. Nimesubiri wiki kadhaa ili hasira ipoe. Haikupoa.

Tulimwajiri mtaalamu wa kupanga maeneo ya michezo atuchoree mpangilio wa klabu ya kibiashara ya padeli (mchezo wa raketi unaofanana na tenisi, unaochezwa ndani ya kiwanja kilichozungushiwa vioo na waya), yenye viwanja vya nje, katika kipande cha ardhi chenye upana wa mita 65. Habari za vioo, nyasi bandia na taa sitazigusa, maana kila muuzaji wa viwanja anazo katika kijitabu chake. Ninachotaka kusimulia ni nafasi iliyopo baina ya kiwanja na kiwanja, ambayo katika mchoro wake ilikuwa kama mstari mmoja mweusi tu.

Mchoro ulipofika ulionyesha viwanja sita vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, na kwa siku mbili hivi tulifurahi sana, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa tumepigia hesabu ya vitano. Kisha nikakaa chini na kalamu. Kiwanja kimoja kina upana wa mita 10, kwa hiyo sita vinakula mita 60; mita 5 zinazobaki, ukizigawa kwa mianya saba, yaani mitano ya katikati na miwili ya pembeni, kila mwanya unapata kama sentimita 71, na hapo bado hujaondoa unene wa fremu za chuma. Milango ya kiwanja cha padeli iko ubavuni, karibu na wavu, ndiyo kusema wachezaji wote wangeingia na kutoka kwa kupita katika nyufa hizo. Tulipiga mistari ya chokaa ardhini tukajaribu: watu wawili waliobeba mikoba ya raketi hawakuweza kupishana, na mmoja ilimbidi arudi kinyumenyume hadi mwanzo wa mstari.

Na kuingia ni jambo dogo. Katika padeli, mpira uliodunda ndani kisha ukaruka juu ya ubavu na kutoka nje bado ni mpira hai. Mchezaji anaweza kutoka mlangoni mbio na kuurudisha akiwa nje ya kiwanja, na ndiyo mapigo ambayo watazamaji huyashangilia kuliko yote. Kanuni zinataka, pale mchezo wa nje unaporuhusiwa, pawe na nafasi isiyo na kizuizi chochote, yenye upana usiopungua mita 2, urefu wa mita 4 na kimo cha mita 3. Mchezaji wetu angepiga hatua moja tu na kuukumbatia waya wa jirani.

Katika kikao kilichofuata nilimwuliza kwa adabu: “Mtaalamu, mchezaji akitoka kuufuata mpira, hapa atasimama wapi?” Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. “Wateja wako watakuja kutoa jasho baada ya kazi, bwana, si mabingwa wa dunia. Hakuna atakayetoka.” Mwenzangu akauliza mafundi wangesimama wapi siku kioo kikivunjika, kwa kuwa kioo kimoja hubebwa na watu kadhaa. Jibu lilikuwa hili: “Kama mnajua kuchora, chukueni kalamu mchore wenyewe.” Aliyasema hayo mbele ya fundi wetu wa umeme, mtu mzima, ambaye aliinamisha uso kwa aibu isiyokuwa yake.

Tangu siku hiyo sioni kitu katika mchoro ule kisichonikera. Hata miti! Alichora miti saba ya pambo langoni, duara za kijani kibichi zilizopakwa kwa upole mkubwa, na kila duara ni pana kuliko njia aliyowaachia wachezaji.

Haki yake nimpe, ingawa naitoa kwa shingo upande. Viwanja alivielekeza kaskazini na kusini kwa urefu wake, ili jua la jioni lisimchome mchezaji machoni. Mapokezi aliyapanga kwa akili ambayo sisi tusingekuwa nayo: mtumishi mmoja akiwa amesimama kwenye meza yake anaona milango yote, na anayetoka vyumba vya kubadilishia nguo hapiti mahali penye udongo unaoweza kuingia katika nyasi. Kwa sehemu hiyo peke yake ningempendekeza kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimefikia hapo, karibu nimsamehe, mchoro wa pili ulipoletwa.

Mchoro wa pili una viwanja vitano. Mita 15 zinazobaki zimegawanywa kwa mianya sita, kila mwanya mita 2 na nusu, na kwa kweli unapendeza, kwa sababu ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Juu yake ameandika “toleo la matakwa ya mteja”, kana kwamba mita zile mbili na nusu ni anasa tuliyoitamani, na nyuma yake ameambatisha ankara ya marekebisho. Sisi ndio tuliopima na kupiga chokaa. Yeye ndiye anayetaka kulipwa kwa kosa lake mara ya pili.

Kwa hiyo ile pendekezo niliyoitoa aya mbili zilizopita naifuta. Au niseme hivi: mapokezi mwachie apange, viwanja usimwachie, na ukikaa naye kikaoni mwombe kwanza aiweke simu mfukoni. Mapokezi yake tutayajenga kama alivyoyachora. Ankara nimemrudishia bila kulipa, pamoja na picha ya ile mistari ya chokaa.