Kuhamia Uingereza 2021: twende wote, au mzazi mmoja atangulie?

Aprili 9, 2021 Kenya iliingia kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, yaani orodha ya nchi zilizoonekana kuwa na hatari kubwa ya Korona. Familia zenye viza mkononi zikajikuta zikikabiliwa na siku 10 za karantini hotelini, kwa gharama yao wenyewe.

Kwa pesa, kwenda pamoja kulishinda. Mtu mzima wa kwanza alilipa pauni 1,750, wa pili chumbani humo 650, mtoto wa miaka 5 hadi 12 325, na wa chini ya 5 hakulipiwa. Wazazi wawili, mtoto wa miaka 6 na wa miaka 2: pauni 2,725. Waliogawanyika, kila mzazi alilipa kama wa kwanza, jumla 3,825. Hiyo tofauti ya 1,100 ni kodi ya nyumba.

Ila hesabu haioni chumba. Mtoto wa miaka 2, siku kumi, dirisha lisilofunguka: mimi naona hilo lina uzito kuliko pesa. Aliyetangulia alitafuta nyumba na shule kwa utulivu. Na Septemba 22 Kenya ilipotolewa orodhani, waliobaki walisafiri bila hoteli. Lakini Aprili nani angelijua hilo? Miezi mitano bila baba au mama, kwa mtoto mdogo, ni mirefu mno.

Kama mwajiri ameshawapa nyumba, nendeni pamoja. Kama hamna pa kufikia, na bibi yuko karibu kusaidia kulea, mmoja atangulie.