Uzoefu wangu na Torpedo Captor X: kurekodi amp ya besi ya tyubu bila boksi la spika

Wapiga besi wenzangu, kama una hedi (amp yenyewe, bila spika) ya tyubu na unataka kurekodi saa yoyote bila kuamsha nyumba nzima, hii inawahusu. Nimekuwa natumia Two Notes Torpedo Captor X, kaboksi kanakokaa badala ya spika kakala nguvu ya amp na kutoa sauti ya kurekodi, ile ya omu 8, na hedi yangu ya tyubu ya wati 50, na nimeshaitumia vya kutosha kusema kwa uhakika kwamba inafanya kazi na naipenda sana, ila kwa besi kuna mambo lazima uyajue kabla hujatoa hela.

Nianze na usalama maana naona watu wanachukulia poa. Amp ya tyubu haipigwi hata kidogo kama hakuna kitu kwenye jeki ya spika. Amp ya transista ukiiacha wazi kwa kawaida haina neno, adui yake ni shoti, ila ya tyubu ni kinyume chake kabisa. Transfoma ya kutoa sauti inategemea kwamba upande wa pili kuna spika au kitu kinachokula ule umeme, sasa ukipiga noti na hakuna pa kwenda, nguvu inarudi upande wa tyubu kama volti kubwa mno, inaruka cheche kwenye soketi za tyubu au inatoboa insulesheni ndani ya transfoma, na transfoma ikishakufa mjue ndo kifaa cha bei kuliko vyote humo ndani. Kuna hedi zina jeki inayojishoti yenyewe usipochomeka kitu ili kuilinda amp, lakini mimi siwezi kuweka amp yangu rehani kwa kajeki.

Halafu kuna hili la DI, yaani kutoa sauti moja kwa moja bila spika wala maiki. Hedi nyingi zina tundu la XLR (lile la pini tatu) nyuma, mtu anafikiri akichomeka hapo kwenda kwenye intafesi (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) amemaliza. Hapana jamani, DI inachukua sauti tu, haibebi mzigo, yaani haili ule umeme wa amp, jeki ya spika bado inadai chake. Na msije mkatoa waya kwenye jeki ya spika mkaupeleka moja kwa moja kwenye intafesi: wati 50 kwenye omu 8 ni volti 20 na intafesi inategemea kitu cha volti moja hivi, mtaichoma na amp nayo itabaki haina mzigo wa maana.

Sasa Captor X inakaa pale spika ingekaa. Ndani ina mzigo wa riaktivu, yaani siyo rizista peke yake, kuna koili na kapasita zinazoiga jinsi impidensi (ukinzani, zile omu) ya spika halisi inavyopanda na kushuka kulingana na noti. Hii siyo mapambo. Rizista tupu italinda amp sawa, ila ukipiga utasikia vidole vimekufa ganzi, amp haikurudishii kitu, na kwa wanaopenda ule mgandamizo wa tyubu za pawa zikisukumwa ndo utofauti unapoonekana. Nikigonga kwa nguvu kwenye Captor X hedi inabana na kuachia vilevile kama ilivyo kwenye boksi langu la spika, na kwa kweli hapo ndo ilinikamata.

Captor X ya omu 8 inaenda kwenye tundu la omu 8 la hedi, ya 16 kwenye 16, usibahatishe. Na nguvu yake mwisho ni wati 100. Hapa wapiga besi tuwe makini kuliko wapiga solo, kwa sababu hedi zetu ni kubwa, Ampeg SVT ni wati 300 na Orange AD200B ni 200, hizo usizisogeze hapa kabisa hata ukiahidi utapiga taratibu. Tena wati zinazoandikwa kwenye hedi ni za sauti safi, ukiisukuma mpaka ikwaruze inatoa zaidi ya hapo, kwa hiyo mimi hata hedi ya wati 100 ya kusukumwa mpaka mwisho nisingeiunga hapa, ya 50 ndo nalala usingizi. Umeme wote ule unageuka joto, boksi linapata moto wa kueleweka, liachie nafasi ya kupumua na usilifunike na kitu.

Waya nao. Lazima uwe waya wa spika, ule mnene wa nyuzi mbili, siyo waya wa gitaa hata kama plagi zinafanana. Wa gitaa ndani una kauzi kembamba, ukipata moto ukakatika katikati ya wimbo basi amp yako iko wazi na wewe bado unapiga. Mimi nachomeka kila kitu kwanza, naangalia plagi zimezama mpaka mwisho, ndo nawasha, na kwenye kuzima ni stendibai, kisha pawa, nasubiri kidogo, ndo nachomoa.

Kitu kimoja kitakachokushtua mara ya kwanza: ukitoa hedifoni ukasogeza sikio karibu na vifaa utasikia noti zako zinaimba kwa mbali, kama sauti ya nyuki. Ni koili na transfoma zinatetemeka, haina shida.

Kuhusu sauti yenyewe, sehemu ya kuiga boksi la spika inatumia IR (impulse response, faili lenye alama ya sauti ya boksi fulani), na hapa msichague ovyo. IR nyingi ni za spika za gitaa, ukiweka besi humo inakonda, na kumbuka E ya chini ya besi ni hezi 41, na B ya nyuzi tano ni 31. Tafuta za boksi la besi, mimi nimetulia kwenye ya spika nane za inchi 10 na sigusi tena. USB yake ni ya kuiseti kwa kompyuta tu, sauti haipiti humo, kwa hiyo intafesi bado unahitaji.

Ninavyorekodi, naweka treki mbili, moja ya Captor X na nyingine DI safi iliyotoka kwenye besi kabla haijafika kwenye amp. Zile mbili hazifiki pamoja, ya Captor X inachelewa kidogo sana kwa sababu ya dijitali, na ukizichanganya hivyohivyo chini kunakuwa kumetoboka, E inasikika kama imenyonywa. Kuza picha ya wimbi, tafuta pigo la kwanza la noti, isogeze DI mpaka vilele viwili viwe mstari mmoja, halafu sikiliza tena. Kama bado ni nyembamba geuza polariti ya treki moja (wimbi lipinduke juu chini), ile iliyonona ndo yako.