GED ukiwa mtu mzima na Kiingereza ni lugha yako ya tatu: uzoefu wangu

GED ni mtihani wa Marekani unaokupa cheti kinacholingana na cha kumaliza sekondari. Nianze na wasiouhitaji, maana wapo wanaojitesa bure. Kama ulimaliza kidato cha nne Tanzania au Kenya na cheti unacho, au una Diplôme d'État ya Congo, ulizia kwanza tathmini ya vyeti vya nje. Mashirika kama WES hufanya kazi hiyo, na cheti cha Kifaransa kitadai tafsiri. Vyuo vingi vya Marekani hupokea karatasi hiyo. GED ni ya yule ambaye shule ilimkatikia njiani, au ambaye vyeti vyake vilipotea katika kukimbia vita na hakuna ofisi ya kuvitoa upya.

Mtihani hutolewa kwa Kiingereza na Kihispania tu. Nimeufanya kwa Kiingereza, masomo yote manne, kituoni, na naona ni mtihani wa haki. Maswali si ya mitego. Ila majina ya masomo yasikudanganye: yote manne yanapima jinsi unavyosoma Kiingereza huku saa inakimbia. Hesabu nyingi mtu aliyesoma sekondari kidogo anaziweza. Kinachomwangusha ni aya ya mistari sita inayotangulia swali.

Hesabu ni dakika 115, lugha, ambayo wenyewe huita RLA, ni dakika 150 pamoja na mapumziko ya dakika 10, sayansi 90, maarifa ya jamii 70. Alama zinaanzia 100 hadi 200 na kila somo lazima ulipite kwa 145. Hakuna wastani, kwa hiyo 170 ya hesabu haiiokoi 143 ya lugha. Jibu likikosewa hakuna alama inayokatwa, hivyo kuacha swali wazi ni kutupa bahati. Si lazima ufanye yote kwa siku moja, na mimi simshauri yeyote ajaribu. Lipia somo moja, lipite, ndipo ulipie jingine. Ada hutofautiana jimbo kwa jimbo. New York hawatozi kitu.

Angalia pia jimbo lako linatumia mtihani gani, maana kwingine kuna HiSET, ama peke yake ama pamoja na GED. HiSET ina masomo matano. Unatakiwa kupata angalau 8 kati ya 20 kwa kila somo, insha angalau 2 kati ya 6, na jumla ya 45 kati ya 100. Piga hesabu: 8 mara 5 ni 40, kwa hiyo ukipita kila somo kwa kiwango cha chini kabisa bado umeanguka.

Kujiandikisha kwa GED ni kwenye GED.com, na hapa ndipo watu wetu hukwama kabla hawajaona swali hata moja. Jina unaloandika lazima lilingane na la kwenye kitambulisho utakachobeba. Kama kadi yako ilitanguliza jina la ukoo, au ilikatiza jina la tatu, fuata kadi, si unavyoitwa nyumbani. Tarehe ya kuzaliwa vivyo hivyo: aliyeandikiwa Januari 1 kwenye karatasi za ukimbizi ajaze Januari 1, hata kama mama yake anajua alizaliwa msimu wa mavuno. Kitambulisho kiwe cha serikali, chenye picha, sahihi na tarehe ya kuzaliwa, na kisiwe kimekwisha muda. Na tovuti yoyote inayokuuzia diploma bila mtihani ni ya matapeli, hata ikiwa na muhuri unaometameta.

Walimu wengi watakuambia uanze na RLA kwa sababu kusoma kunasaidia masomo mengine. Kwa Mmarekani ni sawa. Kwa aliyekulia kwenye Kiswahili na Kifaransa naona kinyume: anza na hesabu, maana tarakimu ni zilezile kila mahali, kisha sayansi na maarifa ya jamii, lugha iwe ya mwisho. Kufika hapo utakuwa umesoma Kiingereza cha mtihani kwa miezi kadhaa bila kujua kwamba unajiandaa kwa RLA.

Hesabu ina sehemu mbili. Maswali machache ya mwanzo hayana kikokotoo. Mengine yote unacho, TI-30XS MultiView, kwenye skrini. Kituoni unaruhusiwa kuja na chako cha aina hiyohiyo, kitawekwa pembeni mpaka sehemu ya pili ianze. Jifunze mashine hii wiki kadhaa kabla. Ina vitufe viwili vinavyofanana: kimoja cha kutoa, kingine chenye alama ya hasi ndani ya mabano. Ukitumia cha kutoa mwanzoni mwa namba hasi, majibu yatavurugika au utaona neno la kosa. Ukitaka kipeo cha pili cha hasi 3, weka hasi 3 ndani ya mabano, la sivyo kitakupa hasi 9 badala ya 9. Ukijumlisha robo tatu na moja ya sita kitakuonyesha 11/12. Kitufe chenye mishale miwili ya kuelekea kushoto na kulia ndicho kinachoigeuza iwe desimali, 0.91666 na kuendelea. Mtu asiyekijua kitufe hicho hubaki na 11/12 yake, huku majibu manne yaliyo mbele yake yote ni ya desimali.

Waliosoma kwa Kifaransa wana tatizo la ziada. Mbili na nusu huku ni 2.5, na 2,500 ni elfu mbili na mia tano. Jizoeze mpaka macho yazoee. Vipimo navyo: futi ina inchi 12, yadi ina futi 3, ratili ina aunsi 16. Kanuni kama ya Pythagoras, ya mteremko wa mstari na ya milinganyo ya kipeo cha pili huoneshwa kwenye skrini, kwa hiyo usipoteze muda kuzikariri. Kariri zinatumika wapi. Aljebra inabeba zaidi ya nusu ya somo, 55 kwa mia, na anayejificha kwenye asilimia na sehemu peke yake hafiki 145.

Sayansi na maarifa ya jamii nayapitia haraka, kwa sababu karibu kila jibu limo kwenye maandishi, jedwali au grafu uliyopewa. Sayansi itakuuliza jaribio lilipima nini, nini kilibadilishwa makusudi na nini kiliachwa vilevile. Maarifa ya jamii ni nusu nzima uraia na serikali: mihimili mitatu, Bunge la Marekani, Mahakama ya Juu, marekebisho ya Katiba. Aliyejiandaa kwa mtihani wa uraia ameshaanza kazi hiyo.

RLA ndiyo mlima. Robo tatu ya maandishi ni ya habari na hoja, robo ni hadithi. Unaanza na dakika 35 za maswali, kisha dakika 45 za insha, unapumzika, unamalizia na dakika 60. Muda wa insha ni wa insha. Ukimaliza mapema hauhamii mbele.

Insha inakupa maandishi mawili yanayopingana juu ya jambo moja, na unatakiwa useme ni upande upi umejenga hoja yake kwa ushahidi bora. Haikuulizi wewe unaonaje. Watu wenye Kiingereza kizuri hupoteza alama hapa kwa sababu wanaandika maoni yao kuhusu jambo lenyewe, kwa hisia na mifano ya nyumbani, wakati msahihishaji anatafuta sentensi kama: mwandishi wa kwanza anatoa takwimu za wizara, wa pili anatoa kisa cha mtu mmoja tu, kwa hiyo hoja ya kwanza ina nguvu zaidi. Unaweza kuchagua upande usiokubaliana nao kabisa na ukapata alama zote. Kinachopimwa ni matatu: hoja na ushahidi, mpangilio, na lugha yenyewe. Lenga aya nne hadi saba. Mgawanyo ninaoupenda ni dakika 10 za kusoma na kuchagua ushahidi, 30 za kuandika, 5 za kurudia, hasa kwenye vitenzi vya wakati uliopita na zile herufi s tunazozisahau mwishoni.

Insha inachapwa. Kama unatafuta herufi kwa kidole kimoja, dakika 45 ni chache hata ukiwa na mawazo tele. Aliyezoea kibodi ya Kifaransa atakuta A na Q zimebadilishana nafasi, na M imehama. Nusu saa ya kuchapa kila siku itakuongezea alama nyingi kuliko kitabu kipya cha sarufi.

Kabla ya kulipia somo lolote fanya GED Ready, mtihani wa mazoezi wa wenyewe. Una nusu ya urefu wa mtihani kamili. Matokeo huja kwa rangi: kijani maana yake huenda ukapita, njano uko ukingoni, nyekundu bado. Naupa sifa, hautii watu moyo wa uongo. Kwa wanaotumia lugha ya tatu, njano isomwe kama nyekundu, maana mtihani kamili ni mrefu na uchovu wa kusoma huja nusu ya pili. Insha ya mazoezi mpe mwalimu wa darasa la watu wazima aisome. Madarasa hayo kwa kawaida ni ya bure au ya bei ndogo.

Kufanyia nyumbani kunawezekana katika majimbo mengi, kwa sharti kwamba uwe na kijani ya GED Ready ya siku 60 zilizopita katika somo hilo. Binafsi nasema nenda kituoni. Nyumbani msimamizi anakutazama kwa kamera, mtoto akifungua mlango mtihani unaweza kusimamishwa, na karatasi ya kukokotolea hairuhusiwi, unachora kwenye ubao wa skrini kwa kipanya. Ukizoea kusoma kwa kunong'ona, jua kwamba midomo kucheza nayo huleta onyo. Kituoni unapewa ubao mdogo wa kufutika na kalamu yake, na intaneti ikikatika si mzigo wako.

Ukianguka, unaweza kurudia somo hilo mara mbili bila kungoja, jimbo lako lisipoweka masharti zaidi. Baada ya jaribio la tatu ni siku 60. Ripoti ya alama inaonyesha ulikosa wapi. Isome kabla ya kulipia tena.

Ukipita na ukataka msaada wa ada ya chuo, fomu ya FAFSA itakuuliza ulimalizaje sekondari. Chagua cheti cha usawa kinachotambuliwa na jimbo, ndiyo GED yako. Ukichagua diploma ya sekondari, fomu itadai jina la shule na mji wake, na shule hiyo hutaipata kwenye orodha yao.