Seti ya kufuatisha kingo za herufi za Kichina: vielelezo safi, karatasi haifai

Ndani ya seti hii mna kurasa za vielelezo, karatasi ya kuangazia (inayopitisha mwanga, ili uone na kufuatisha kilicho chini yake), brashi moja, kichupa cha wino na karatasi za xuan, yaani karatasi za jadi za Kichina za kuandikia kwa brashi. Kwa mkaazi wa Mombasa, thamani yake iko kwenye vielelezo.

Vimetokana na jiwe la Duobao, jiwe lililochongwa maandishi ya Yan Zhenqing, bingwa wa khati ya Kichina, ya mwaka 752. Nakala za mawe huwa na herufi nyeupe juu ya weusi, na penseli haionekani hapo. Hizi zimegeuzwa kuwa za kijivu hafifu. Aliyezoea khati ya Kiarabu anajua kwamba ncha ya kalamu ya mwanzi ndiyo inayoamua unene. Brashi hunenepesha mstari kila inapokandamizwa, kwa hiyo mwanafunzi lazima azisome kingo zote mbili. Njia hii ya kuchora kingo zote mbili, iitwayo shuanggou, ndiyo waliyoitumia wanakili wa kasri la nasaba ya Tang ya China kuhifadhi maandishi ya Wang Xizhi, bingwa wa khati wa kale zaidi.

Bana karatasi ya kuangazia kwa selotepu pembe mbili za juu tu, ili uweze kuifunua na kukagua. Tumia penseli ngumu ya 2H iliyochongwa sana. Pitisha mstari juu ya ukingo wenyewe: ukitoka nje nusu milimita kila upande, mstari umenenepa milimita nzima na herufi imepoteza pumzi. Chora kila mstari peke yake hata pale inapokatana. Maelekezo ya seti yanamwambia mwanafunzi azungushe umbo zima la herufi kwa mara moja, na hapo yanakosea, maana huwezi tena kuona mstari upi umepita wapi.

Kisha jaza kwa mvuto mmoja wa brashi, kwa mfuatano wa kuandika. Ukipakapaka kidogo kidogo utapata picha nzuri, lakini mkono haujifunzi kitu.

Tatizo ni karatasi ya xuan iliyomo: ni mbichi, haikutiwa shabu, na kwa unyevu wa pwani wino unavuka kingo kabla brashi haijafika mwisho. Msimu wa masika ni taabu tupu. Nunua xuan iliyotiwa shabu, uifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Usijaze wino kwenye karatasi ya kuangazia. Hainywi, wino unajikusanya matone na karatasi inajikunja.

Brashi ni nzuri. Ioshe kwa maji baridi, itundike ncha ikiangalia chini mahali penye upepo. Ukiifunika ikiwa mbichi, itaota kuvu.