Nakala za daftari la kaya la enzi ya Wajapani nchini Taiwan: huduma nafuu isiyo na mwongozo

Kwa dola 15 za Taiwan kwa kila ukurasa, ofisi za usajili wa kaya humpa raia nakala ya daftari ambalo serikali ya kikoloni ya Japani ilianza kulitumia mwaka 1906 kuorodhesha kaya za kisiwa hicho. Nilimsindikiza mama mkwe wangu, aliyezaliwa Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, kuomba kurasa za wazazi wake.

Kuhusu upatikanaji sina lawama. Kurasa zimehifadhiwa katika kompyuta, hivyo mwombaji halazimiki kusafiri hadi kijiji cha mababu, bali huenda ofisi yoyote na hati za kuthibitisha uhusiano wake na marehemu. Anayekumbuka anwani ya zamani au jina la mkuu wa kaya huhudumiwa upesi.

Thamani ya huduma imo katika kurasa zenyewe. Daftari lilitunzwa na polisi, na jicho la polisi linaonekana katika kila safu: asili ya mtu, chanjo ya ndui, uvutaji wa kasumba, hata kama mwanamke alifungwa miguu utotoni ili isikue. Wapo mabinti walioandikwa kuwa walichukuliwa wachanga ili walelewe na hatimaye waolewe na mwana wa nyumba hiyo. Kadiri miaka inavyosonga, majina ya wasichana yanaanza kuishia na "ko" kama ya Wajapani, ilhali jina la ukoo linabaki la Kichina.

Kisha unafika mwaka 1940, ilipotangazwa sera ya kubadili majina. Nchini Korea watu walishinikizwa kwa wingi, na takribani asilimia 80 wakachukua majina ya Kijapani. Nchini Taiwan ilikuwa ni kwa kibali, na kaya ilipaswa kuonyesha kwamba inazungumza Kijapani nyumbani na kwamba ina utiifu kwa mfalme wa Japani. Hadi mwisho wa 1943 waliobadili walikuwa kama 126,000 katika watu zaidi ya milioni 6. Mmoja wa waliotumia jina la Kijapani ujanani ni Lee Teng-hui, aliyekuja kuwa rais, ambaye aliitwa Iwasato Masao.

Katika ukurasa wa baba yake mama mkwe, jina la Lin limepigwa mstari na pembeni pameandikwa Kobayashi. Mama alijua kwamba baba yake aliwahi kuwa na jina hilo. Alichokuwa hajui ni kwamba jina hilo liliombwa. Alinyamaza kwa muda mrefu, nami sikuthubutu kumhukumu mzee yule, kwa kuwa kaya zilizotambuliwa kuwa zinazungumza Kijapani zilipata mgao bora wa chakula na nafasi bora za shule, na yeye alikuwa na watoto wa kulisha.

Kasoro kubwa ni kwamba mwombaji hukabidhiwa karatasi na kuachwa nazo. Mwandiko ni wa mkono, Kijapani chake ni cha kiofisi na cha zamani, na karani aliyetuhudumia, kijana mwenye adabu sana, hakuweza kuusoma. Kijitabu cha kueleza safu na vifupisho kingetosha, na nashangaa kwamba hatukupewa.

Kwa jamii za wenyeji asilia upungufu ni mzito zaidi. Baada ya 1945, utawala wa Japani ulipokwisha, familia za asili ya Kichina zilirejea majina yao, lakini wenyeji hawa walipangiwa majina ya Kichina na maofisa, mara nyingine ndugu wa tumbo moja wakipewa koo tofauti. Suniuo, askari wa jeshi la Japani kutoka Amis, mojawapo ya jamii hizo, aliyepatikana mwaka 1974 akiwa bado amejificha kisiwani Morotai, Indonesia, tangu vita, alikwenda vitani akiitwa Nakamura Teruo na aliporudi akakuta ameshaandikwa Lee Kuang-hui. Sheria iliwaruhusu kusajili majina yao ya asili mwaka 1995, na mwaka 2024 ikakubali yaandikwe kwa herufi za Kirumi pekee, lakini mjukuu anayetafuta kurasa za bibi yake bado lazima aunganishe majina hayo yote mwenyewe.

Naipendekeza huduma hii kwa kila mwenye haki ya kuiomba, ila aende na mtu anayesoma Kijapani cha kabla ya vita, na aombe pia kurasa za kaya walikotoka wanawake, maana mke huandikwa kwa jina la ukoo wa mumewe likitangulia la baba yake, na bila kurasa hizo nusu ya ukoo haionekani.