TAHADHARI wadau wa Tabora na Kigoma: "seti ya kupika bia nyumbani" ya 380,000 ni ndoo ya rangi na kipimo cha betri

Wakuu habari za jioni. Naandika hii hasira bado ninayo lakini acha niandike hivohivo, maana jana fundi betri mmoja karibu na stendi kaniambia mi ni mtu wa 2 kumpelekea kitu kilekile ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo huyu jamaa bado anakula watu huku kwetu na leo nimeona tangazo lake jipya anasema anapeleka mpaka Kigoma na Kasulu.

Iko hivi. Bibi yangu kule Urambo kapika wanzuki tangu sijazaliwa, mi nimekulia kwenye harufu ya asali inayochacha, sasa mwaka huu nikasema ngoja nijaribu bia yenyewe, ya shayiri na hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu), ya kunywa mwenyewe na washkaji wikiendi hapa Isevya. Nikaanza kutafuta vifaa kwenye simu ndo nikakutana na jamaa anajiita wa Kariakoo, ana "seti kamili ya Kijerumani", sufuria la stenlesi lita 30, ndoo ya kuchachushia, haidromita, kipimajoto, chachu na chupa. Picha kali, kila swali ananijibu bosi wangu. Nikatuma nusu, 190,000, jina likaja la mwanamke, nikauliza, akasema mke wake huyo. Siku 2 baadae akasema tuma iliyobaki bosi wangu mzigo ushapakiwa, nikatuma. Alafu ikaja 45,000 ya "kibali cha kusafirisha chupa". Hapo mama watoto akaniuliza hii na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zina tofauti gani. Nikamjibu vibaya. Nikatuma.

Mzigo ulifika kwa basi siku ya 9, na hapo ndo ujanja wake ulipo, kwa sababu mzigo kweli unafika, sio tapeli wa kupotea na hela yako tu. Unafungua boksi unaona vitu vinang'aa unajisikia mjanja kabisa.

Haidromita kwanza, maana ndo iliyonifungua macho. Ni kile kipimo cha kioo unakielesha kwenye maji ya kimea kujua sukari iko kiasi gani, bia ya kawaida inaanzia kama 1.048 hivi na ikimaliza kuchacha inashuka mpaka kama 1.010, ukipiga hesabu ya tofauti unapata kilevi karibu asilimia 5. Yake ilikuwa fupi kama kidole, ndani ina karatasi ya nyekundu, nyeupe na kijani, namba zinaanzia 1.100 mpaka 1.300. Nikampigia, akanielekeza kwa upole kabisa, bosi wangu nyekundu bia mbichi, kijani bia imeiva. Nikaiweka kwenye glasi ya maji ya bombani. Ikazama mpaka chini ikagonga kioo, ti. Haidromita ya bia kwenye maji matupu inatakiwa ielee isome 1.000, yangu imelala chini kama kijiko. Nikambebea fundi betri, hata hakuishika, akacheka, "mdogo wangu hiki ni cha kupimia asidi ya betri, kijani maana yake betri imejaa chaji". Tapeli kakichomoa kwenye mpira wake wa kunyonyea akamuuzia mtu kama kifaa cha Mjerumani. Na hata uongo wenyewe uko kichwachini, bia ikiiva namba zinashuka, kwenye hicho kipimo kijani iko kwenye namba kubwa. Sasa imagini mtu hajui, anafunga chupa bia haijamaliza kuchacha, gesi inajaa, chupa zinapasuka chumbani watoto wamelala.

Na chupa zenyewe alizoleta ni za pombe kali, nyembamba, hazijatengenezwa kubeba presha.

Ndoo sasa. Nyeupe, lita 20, chini ina ile pembetatu yenye namba 2, na jamaa aliisisitizia sana hiyo namba, "ona bosi wangu, 2 ni fudi gredi", yaani ya kuwekea chakula. Wakuu namba 2 inakwambia ni plastiki ya aina gani basi, haikwambii ilibeba nini, ndoo kibao za rangi nazo zina 2. Bibi alikuwepo kwetu wiki hiyo kaja kuonwa macho, haoni vizuri kwa hiyo hakuangalia chochote, aliinamia tu ndoo akanusa akaniambia "mume wangu, hii ndoo imepaka nyumba ya mtu". Nikapitisha kucha chini ya ukingo wa mfuniko, ikatoka rangi ya krimu imekauka. Plastiki inanyonya harufu na kemikali, hiyo hata uoshe na nini haifai tena kwa kitu cha kunywa.

Sufuria nalo sio stenlesi, ni bati la zinki, ukiligeuza kwenye mwanga unaona yale maua maua kama ndoo za zamani za bati. Nilichukua sumaku ya spika mbovu likadaka pwaa, ingawa sumaku peke yake isikudanganye maana kuna stenlesi nyingine nazo zinadaka, angalia hayo maua. Bia ina uchachu, uchachu unakula zinki, ukinywa unatapika. Sufuria la aluminiamu la mama lishe lingenitosha kabisa na pale Soko Kuu yamejaa.

Chachu ni hamira ya maandazi imefungwa upya kwenye pakiti ya kumetameta, hiyo haina sumu, itachacha ila usitegemee ladha ya bia unayoijua. Kipimajoto ni kizima, nisimsingizie. Niliona kinasoma 96 maji yakichemka nikataka kukirusha kumbe Tabora tuko juu kama mita 1,200 maji yanachemka hapohapo. Alafu akaniongezea "zawadi", koili ya shaba. Koili wakuu wapo wanaopozea bia ikitoka jikoni, ila huku kwetu inajulikana kwa gongo, na kupika gongo kuna sheria ya Moshi ya mwaka 1966 (moshi ndo hiyo gongo, sio mji), ukikutwa nayo jikoni na sufuria la lita 30 anza kueleza.

Nilipomwambia nataka hela yangu akasema bidhaa ikiuzwa hairudishwi, nikamtumia picha ya rangi ya krimu, akanibloku. Nimechukua RB polisi na namba yake ya simu nimeiripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli. Jina sitaji, anabadilisha kila siku, ila picha zake zote kapigia sakafu moja ya vigae vya bluu, kimoja kimevunjika kona, na tangazo la leo lina kigae kilekile. Ukikiona hicho kigae usimjibu hata salamu.

Kama unataka kuanza kweli, ndoo nunua mpya dukani uinuse mwenyewe, chimba tundu kwenye mfuniko upitishe mpira mwembamba mpaka kwenye chupa ya maji gesi itokee huko, kitu pekee cha kuagiza mbali ni haidromita, na kabla hujatuma hata mia mwambie akurekodie video ikielea kwenye maji, uione hiyo 1.000 kwa macho yako. Akianza kuzunguka zunguka ushajua.

Ndoo nimempa jirani anakorogea chokaa. Haidromita fundi betri kaichukua kwa 3,000, ndo hela pekee iliyorudi mpaka sasa.