Seti ya nozeli na manifoldi kwa anayefungua injini nyumbani: tathmini

Seti ninayoitathmini hapa huuzwa ikiwa kamili ndani ya boksi moja, kwa ajili ya wenye magari wanaotaka kuifanya kazi hii kwa mikono yao. Ndani yake mna nozeli sita za petroli zilizokarabatiwa, manifoldi (mkusanyiko wa njia) mpya ya plastiki ya kuingizia hewa kwenye silinda, gasketi zake za kuziba viungo, oringi (pete za mpira za kuzibia) za juu na za chini za kila nozeli, bolti mpya na karatasi ya maelekezo. Nimeifunga kwenye injini ya petroli ya V yenye silinda sita, ya ule mfumo wa kawaida ambamo nozeli hupuliza petroli kwenye njia ya hewa nyuma ya valvu, na nimeiendesha vya kutosha kuweza kuisemea. Nozeli zimeniridhisha, oringi zimezidi matarajio yangu, lakini manifoldi, ambayo ndiyo inayojaza boksi na kuvuta macho ya mnunuzi, haifai kufungwa kabla ya kukaguliwa kwa makini.

Sababu ya vitu hivi kuuzwa pamoja inaeleweka. Katika injini nyingi za V, kipande cha juu cha manifoldi hulala juu ya reli ya mafuta, yaani bomba linalogawa petroli kwa nozeli, hivyo huwezi kuzifikia nozeli bila kukiondoa, na ukishakiondoa, gasketi iliyokwisha kubanwa na kuzoea umbo lake haipaswi kurudishwa. Hata hivyo, si kila anayepata dalili za nozeli au manifoldi mbovu anahitaji boksi zima. Injini inayomisi, yaani inayoruka mwako, asubuhi, taa ya injini inayowaka, na misimbo ya hitilafu kama P0171, unaoashiria kwamba upande mmoja wa injini unapata hewa nyingi kuliko mafuta, au P0300, unaoashiria kumisi kusikokuwa kwa silinda moja tu, huweza kutokana na nozeli zilizoziba au na hewa inayopenya kwenye manifoldi iliyopasuka. Kifaa cha kawaida cha kusoma misimbo kinaweza kuzitenganisha sababu hizi mbili, mradi kiwe kinaonyesha marekebisho ya mafuta yanayofanywa na kompyuta ya gari, yaani asilimia ya mafuta inayoongeza au kupunguza. Marekebisho yakiwa makubwa injini inapounguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha yakapungua unapoipandisha hadi mizunguko 2500 kwa dakika, kuna hewa inayopenya. Yakizidi kukua kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, basi mafuta hayafiki ya kutosha, na hapo mshukiwa ni nozeli, filta au pampu. Ningependa sana kuona maelezo haya yamechapwa juu ya boksi, kwa sababu mtu ambaye pampu yake imechoka atanunua seti hii, atafungua nusu ya injini, na gari litaendelea kumisi vilevile.

Nozeli ndizo zinazostahili sifa za kwanza. Kila moja ilifika na vifuniko vyake vya plastiki pande zote mbili, ikiwa na namba yake, na karatasi iliyoambatanishwa ilionyesha kiasi cha mafuta ambacho kila nozeli ilipitisha kwa dakika chini ya presha ya baa 3. Tofauti kati ya nozeli iliyopitisha mafuta mengi zaidi na ile iliyopitisha machache zaidi haikufika asilimia 2, na hilo ndilo jambo la kutafuta kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye boksi. Kompyuta ya gari hufungua nozeli kwa muda inaoukokotoa ikiamini kwamba zote zinafanana. Iwapo moja inapitisha kidogo kuliko wenzake, sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi husoma wastani wa silinda zote za upande ule, na kompyuta huongeza mafuta kwa zote ili kufidia upungufu wa moja. Silinda moja hubaki na njaa huku nyingine zikishibishwa kupita kiasi, na hakuna marekebisho yatakayowahi kuziridhisha zote. Kwa sababu hiyo ninaamini kwamba muuzaji asiyetoa karatasi ya vipimo anauza chuma kilichosafishwa tu, na hastahili kulipwa bei ya ukarabati.

Nilizipima pia ukinzani wa umeme, na zote zilisoma kati ya omu 12 na 16, kiwango cha kawaida cha nozeli za aina hii. Kipimo hiki si cha kupuuza, kwani nozeli za ukinzani mdogo, zenye omu chache tu, hupitisha mkondo mkubwa na zinaweza kuharibu kompyuta ambayo haikuundwa kuziendesha. Inafaa pia mnunuzi aelewe ukarabati unafanya nini. Nozeli husafishwa kwa mawimbi ya sauti ndani ya kimiminika, hubadilishiwa kichujio kidogo kilichomo kooni, kofia ya ncha na oringi, kisha hupimwa tena. Koili haibadilishwi, wala kiti cha sindano ya ndani hakichongwi upya, hivyo nozeli iliyolika itabaki imelika hata iking'aa namna gani. Vipimo vya mtiririko na vya kutovuja ndivyo vinavyothibitisha kwamba zilizochaguliwa hazikuwa zimelika, na kwenye seti hii vyote viwili vilikuwepo.

Oringi nazo ni za mpira wa aina ya FKM, unaovumilia joto na petroli, hata ile iliyochanganywa na ethanoli ambayo huvimbisha na kulainisha mipira ya bei ndogo. Za juu, zinazoingia kwenye reli, zilitofautishwa kwa rangi na zile za chini zinazokaa kwenye manifoldi, na uangalifu huo umeniridhisha sana, kwa sababu oringi za pande hizi mbili zinaweza kutofautiana unene kidogo mno kiasi cha kutoonekana kwa jicho. Zinapaswa kupakwa oili safi ya injini, tabaka jembamba tu, kabla ya nozeli kusukumwa mahali pake kwa mkono, ikinyooka na kuzungushwa kidogo. Oringi iliyoingizwa ikiwa kavu huchanika ukingo bila mtu kuona, na mchaniko huo kwenye upande wa reli maana yake ni petroli yenye presha kumwagikia injini yenye moto.

Sasa manifoldi. Imetengenezwa kwa nailoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, kama zilivyo manifoldi nyingi za kiwandani tangu miaka ya 1990, na faida zake ni za kweli: ni nyepesi kuliko alumini, kuta zake za ndani ni laini, na haipitishi joto la injini kwenye hewa kwa urahisi. Udhaifu wake pia unajulikana. Plastiki hupoteza nguvu kwa miaka mingi ya kupashwa joto na kupoa, na mahali inapobeba maji ya kupozea injini hatari huongezeka. Injini ya Ford ya V8 ya lita 4.6 ni mfano maarufu, kwani manifoldi zake za plastiki zilipasuka kwenye njia ya maji ya mbele, na toleo lililofuata likapewa njia ya alumini mahali pale. Manifoldi ya seti hii haipitishi maji, na hilo linaondoa wasiwasi mkubwa zaidi.

Nilichokuta ni cha namna nyingine. Ndani ya kila tundu la bolti hupachikwa pete ndefu ya chuma ili bolti inapokazwa nguvu yake ibebwe na chuma badala ya plastiki. Katika manifoldi niliyoletewa, moja ya pete hizo ilikuwa imezama chini ya uso wa plastiki, kiasi ambacho rula iliyonyooka ikilazwa juu yake huonyesha mwanya. Ukiikaza hivyo, plastiki itabeba mzigo wote, italegea kadiri inavyopata joto, na gasketi ya mahali pale itaanza kupitisha hewa baada ya muda, wakati mnunuzi ameshasahau kwamba aliwahi kufungua injini. Aidha, midomo ya njia mbili za hewa ilikuwa na mabaki membamba ya plastiki kutoka kwenye umbo la kiwandani, ambayo yakivunjika huingia moja kwa moja kwenye silinda. Muuzaji alinibadilishia manifoldi bila ubishi, na ya pili ilikuwa sawasawa, jambo ambalo ninampa heshima yake. Lakini mteja ambaye hakulaza rula juu ya uso ule asingejua lolote, na mtengenezaji anayekagua nozeli kwa umakini ule hana sababu ya kuacha manifoldi itoke bila kukaguliwa.

Lawama yangu kubwa zaidi ni kwa karatasi ya maelekezo. Inaanza na kufungua bolti za manifoldi, kana kwamba reli ya mafuta haina kitu ndani yake, ilhali mfumo huu hushikilia presha ya takriban baa 3 hadi 4 hata baada ya injini kuzimwa. Kabla ya spana yoyote kugusa reli, fyuzi au relei ya pampu ya mafuta iondolewe, injini iwashwe hadi izime yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha waya hasi wa betri ufunguliwe. Injini iwe imepoa, kazi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha pasipo moto wala cheche, kizimamoto cha unga kiwe karibu, na kitambaa kizungushiwe kiungo cha mafuta kinapofunguliwa kwa sababu kiasi kidogo hubaki daima. Haya yote yangeenea kwenye aya moja. Kuyaacha katika bidhaa inayotangazwa kwa ajili ya watu wasio mafundi ni kosa linaloweza kumgharimu mtu ngozi yake au nyumba yake.

Karatasi hiyo hiyo haitoi kipimo cha kukazia bolti. Manifoldi nyingi za plastiki hukazwa kwa nguvu ndogo, mara nyingi karibu nyutoni-mita 10, na mkono uliozoea bolti za magurudumu hupita kiwango hicho bila kuhisi. Kipimo sahihi kitafutwe kwenye kitabu cha huduma cha gari husika, na spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, itumike, kuanzia bolti za katikati kuelekea za nje, kwa hatua mbili au tatu badala ya mara moja. Gasketi za seti hii ni za mpira uliokaa kwenye mfereji wake, nazo hufungwa zikiwa kavu. Gundi ya silikoni haina kazi hapa, na mvuke wa baadhi ya aina zake huharibu sensa ya oksijeni.

Ufungaji wenyewe hauna mengi ya kusimulia. Bolti zilienea, matundu yalilingana, soketi za umeme za nozeli ziliingia na kulia bila kulazimishwa, na bomba la vakyumu la breki lilikaa pale pale palipokuwa la zamani. Uchafu upulizwe kwa hewa kabla ya kuzing'oa nozeli kuukuu, na matundu yaliyobaki wazi yafunikwe kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi, kwa kuwa nati moja ikidondokea humo inatosha kuifungua injini yote. Anayetarajia kuondoa pia kipande cha chini cha alumini ajue kwamba gasketi zake hazimo kwenye boksi hili na lazima ziagizwe kando.

Kabla ya kuwasha, swichi ifunguliwe na kufungwa mara kadhaa bila kupiga stata ili pampu ijaze reli, kisha kila kiungo kiangaliwe kwa tochi na kunuswa. Kwangu hapakuwa na tone. Injini ilishika upesi, ikatikisika kidogo hewa ilipokuwa ikitoka kwenye reli, kisha ikatulia kwa utulivu ambao haikuwa nao kabla. Baada ya safari za kawaida, marekebisho ya mafuta ya muda mrefu yalitulia ndani ya asilimia 5 kwa pande zote mbili za injini, na pande hizo sasa zinakaribiana. Misimbo haijarudi. Matumizi ya mafuta yamepungua kidogo, ingawa singemshauri mtu anunue seti hii kwa sababu hiyo pekee.

Tathmini hii isichukuliwe kuwa ruhusa ya kugusa kila aina ya nozeli. Injini za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda hufanya kazi kwa presha inayoweza kupita baa 200, na za dizeli zenye reli ya pamoja huweza kufika baa 2000, kiwango ambacho mafuta hupenya ngozi na kuingia mwilini. Nozeli nyingi za dizeli huhitaji pia kuandikishwa kwenye kompyuta ya gari kwa namba zake zinapobadilishwa. Hizo ni kazi za karakana yenye vifaa vyake.

Kwa mwenye injini ya mfumo wa kawaida, aliyekwisha kuthibitisha ugonjwa na mwenye spana ya toki, ningeipendekeza seti hii, na ningeinunua tena kwa ajili ya nozeli na oringi zake. Jambo moja linahitaji kuulizwa kabla ya kulipa: muuzaji hurudisha sehemu ya bei mteja anapompelekea nozeli kuukuu, na muda wa kuzirudisha una mwisho. Zikae kwenye mfuko safi, kila moja na namba ya silinda yake, hadi gari liwe limeonyesha tabia yake mpya likiwa baridi, likiwa moto na likiwa na mzigo, ndipo zipelekwe.